Konyezo, Dau na Kimya: Mjadala juu ya Adabu za Karata

MWALIMU MSTAAFU: Hoja iliyo mbele yetu ni hii: watu wanne wakikaa kucheza karata, wawili kwa wawili, je, ni halali mtu kumpa mwenzake habari kwa njia isiyokuwa karata aliyoitupa, au dau alilolitamka kwa sauti ya kusikiwa na wote? Nasema si halali, ijapokuwa mazoea yameifanya ionekane kuwa ni werevu. Wenzetu wa Muleba waliokuja kucheza nasi hapa Rwamishenye, Bukoba, waliondoka wakinung'unika, wala hawakunung'unikia kushindwa, maana kushindwa ni sehemu ya mchezo. Walinung'unika kuwa wameshindwa na nyusi, mabega na vikohozi, vitu ambavyo havimo katika karata.

MZEE WA MEZA: Mwalimu, umehukumu kabla shahidi hajasimama. Mimi nilizikuta karata za turufu zikichezwa na wakubwa zangu, na konyezo nililikuta mezani pamoja na shupaza na kopa. Kila akaaye kucheza anajua kuwa mwenzangu atanikonyeza, nami najua kuwa wa kwake atamkonyeza. Kazi ya mchezaji ni kulificha la kwake na kulinasa la hasimu yake. Mchezo ambao pande zote mbili zimeruhusiwa hila ileile hauna dhuluma ndani yake. Wageni wa Muleba hawakukatazwa kukonyezana. Kama hawakujua, huo ni upungufu wa ujuzi, na upungufu wa mmoja hauwi dhambi ya mwingine.

KIJANA WA SIMUNI: Kwa heshima zote, mzee wangu, hilo la kumtwika mgeni lawama ya kutojua kwake ndilo linaloniondoa barazani na kunipeleka simuni. Huko nacheza briji katika Bridge Base Online, programu ya Fred Gitelman iliyowafikia watu mwaka 2001, na mezani kwangu huweza kukaa Mmisri, Mpolandi na Mhindi ambao sijapata kuwaona wala sitarajii kuwaona. Hapana auonaye uso wangu. Siwezi kutupa karata kabla zamu yangu haijafika. Siwezi kutupa uru ilhali ninayo kopa iliyotakiwa. Siwezi kutaja dau lililo chini ya dau lililotangulia. Programu yenyewe inakataa. Mabishano yanayomaliza nusu ya jioni yenu, nani alianza, nani alificha, nani alihesabu vibaya, huko hayazaliwi. Ikiwa insafu ndiyo matakwa yetu, mashine imekwisha kutuletea.

MAMA MWENYE BARAZA: Mwanangu, mimi ndiye ninayewaandalia nyote kahawa katika baraza hii, na nakuona pia saa uchezazo hiyo briji ya simuni. Hukaa kwenye benchi la karibu na mlango, na rafiki yako akakaa ubavuni pako, bega kwa bega, kila mmoja na simu yake, nanyi mmejiandikisha kuwa wenzi katika meza moja dhidi ya watu walio ng'ambo. Mmisri haoni nyusi zako, ni kweli; lakini rafiki yako akigeuza shingo kidogo anaziona karata zako zote 13, nawe unaziona zake. Niambie, ni konyezo gani la mzee huyu lililopata kusema maneno mengi kiasi hicho?

MZEE WA MEZA: Allah akuzidishie, mama! Konyezo langu hubeba habari ya karata moja, tena kwa mashaka, maana mwenzangu huenda akalielewa vibaya, na hasimu yangu huenda akaliona. Bwana mdogo huyu anafungua mlango mzima, kisha ananishitaki mimi niliyechungulia dirishani.

KIJANA WA SIMUNI: Sikatai kuwa nafasi ya hadaa ipo, wala sisemi kuwa mtu huwa malaika kwa sababu ameshika simu. Nasema kuwa huko hadaa huacha nyayo. Kila dau na kila karata imehifadhiwa, na mtu aweza kuifunua baada ya miaka akaichunguza. Mwaka 2020, klabu za briji duniani zilipofungwa kwa sababu ya Korona na wachezaji wakamiminika kwenye intaneti, walikuwako waliojisajili mara mbili, kwa jina moja wakicheza na kwa jina la pili wakijifanya watazamaji ili wazione karata za wote wanne. Walinaswa kwa kumbukumbu zao wenyewe: mtu aliyejua kila mara, bila ya sababu, karata iliyokosekana imekaa mkono upi. Je, mzee, la mezani kwenu lililofanyika mwezi uliopita nani aweza kulifunua?

MWALIMU MSTAAFU: Niruhusuni niweke historia baina yenu, kwa kuwa tamaa hii ni kongwe kuliko simu. Katika mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl, yaliyofanyika Bermuda kwenyewe mwaka 1975, kwa mara ya kwanza ubao ulisimamishwa katikati ya meza ili mtu asimwone mwenzake usoni. Na katika mashindano hayohayo wachezaji wawili wa Italia walionekana mguu wa mmoja ukimgusa mwenziwe chini ya meza, ikalazimu kuweka kizuizi na huko chini. Miaka 40 baadaye, mwaka 2015, Boye Brogeland wa Norway alijitokeza hadharani kuwashitaki wachezaji mashuhuri, wakiwamo wawili waliopata kuwa naye timu moja, naye akayaachilia mataji aliyoyapata pamoja nao. Na wachezaji wa nchi mbalimbali wakakesha wakitazama kanda za video hata ishara za siri zikafumbuliwa. Ubao haukuimaliza hadaa, na mashine haijaimaliza. Kinachobaki ni sheria inayokubaliwa na dhamiri ya mchezaji mwenyewe, na meza iliyo tayari kuitekeleza.

MZEE WA MEZA: Basi umenisaidia pasipo kukusudia. Kama mabingwa wa dunia, wenye ubao mezani na kizuizi miguuni, hawakuweza kuacha, mnataka watu wa Rwamishenye waache kwa nguvu ya nasaha? Jambo lisilozuilika hugawanywa sawasawa. Mruhusuni kila mtu akonyeze, na dhuluma itakuwa imekwisha siku hiyohiyo.

MWALIMU MSTAAFU: Haitakwisha, mzee mwenzangu, itakuwa imepewa cheti. Unasema sawasawa, nami nauliza, sawasawa baina ya nani na nani? Wewe na jirani yako mmecheza pamoja tangu nywele zenu hazijaota mvi, mnajuana hata pumzi. Aliyetoka Muleba ameketishwa na mwenzi aliyekutana naye katika basi. Konyezo humpa thawabu mtu kwa kujuana, ilhali mchezo umekusudiwa kumpa thawabu kwa kufikiri. Ndiyo sababu sheria za briji ya mashindano, katika toleo lake la mwaka 2017, zinaamuru kuwa wenzi wawasiliane kwa madau na karata peke yake, wala si kwa namna ya kuzisema au kuzitupa.

MZEE WA MEZA: Hayo madau ndiyo niliyokuwa nikiyangoja. Nieleze, nami nimalize kusikiliza kabla sijajibu.

MWALIMU MSTAAFU: Karata 52 hugawiwa watu wanne, kila mmoja 13, na kabla ya kutupwa hata karata moja hufanyika mnada. Mizunguko ya kutupa ni 13, tuite kila mzunguko duru; na anayetaja dau la 1 anaahidi kuwa yeye na mwenzake watakula duru 7, wa 2 anaahidi 8, hata kufikia dau la 7, ambalo ni ahadi ya kula zote. Aina nazo zina daraja: pau ni ya chini, kisha uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote ni kucheza bila turufu. Atajaye dau sharti ataje lililo juu ya lililotangulia. Sasa, katika mapatano yanayotumiwa na wachezaji wengi duniani, mwenzangu akifungua kwa dau la 1 bila turufu, nami nikajibu pau 2, simaanishi kuwa ninazo pau. Namwuliza kama anazo kopa nne au shupaza nne. Na katika mapatano aliyoyabuni Easley Blackwood wa Marekani mwaka 1933, dau la 4 bila turufu linauliza, "Una ree ngapi?"

MZEE WA MEZA: Subhana! Mtu anasema pau na hataki pau. Anauliza ree kwa kutaja kitu ambacho si ree. Na hayo yametungwa, yameandikwa vitabuni, watu wanayahifadhi. Kisha mimi niliyeshika ndevu naitwa mlaghai! Mwalimu, hilo ni konyezo. Tofauti ni kwamba langu limepitia jichoni na lako limepitia kinywani.

MWALIMU MSTAAFU: Ziko tofauti mbili, nazo ni kubwa kuliko jicho na kinywa. Ya kwanza ni kuwa mapatano ya madau si siri. Sheria inamkataza mtu kuwa na mapatano na mwenzake ambayo mahasimu hawakujulishwa. Likitajwa dau lenye maana isiyo ya dhahiri, mwenzi wa aliyelitaja huwatahadharisha mahasimu, nao wana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa ukamilifu. Ya pili ni gharama. Ninapotaja pau 2 nimeupandisha mnada, nimejifunga kwa ahadi, na tukishindwa kuitimiza tunalipa. Dau ni habari yenye dhamana. Konyezo ni habari ya bure.

KIJANA WA SIMUNI: Hapo pa kutahadharisha nina neno, kwa kuwa klabu zenyewe zina kasoro ambayo simu imeiponya. Mezani ninapotaja dau na mwenzangu akawaeleza mahasimu maana yake, mimi nami nasikia. Kama nilikuwa nimeyasahau mapatano yetu, maelezo yake yamenikumbusha. Kama alinielewa visivyo, nimekwisha jua kuwa tumepotezana. Katika briji ya intaneti mwenye dau hulieleza mwenyewe, kwa maandishi yanayoonekana na mahasimu tu, na mwenzi wake haoni kitu. Habari inakwenda kwa anayestahili na kumwepuka asiyestahili.

MWALIMU MSTAAFU: Hilo nakubali bila ya kusita. Hata kwenye mashindano makubwa, palipo na ubao, kila mchezaji humweleza hasimu aliye upande wake wa ubao na mwenziwe asijue. Pasipo na ubao, sheria inamtaka aliyesikia maelezo ya mwenzake acheze kana kwamba hakuyasikia.

MAMA MWENYE BARAZA: Acheze kana kwamba hakusikia! Mwalimu, mnatunga sheria kwa ajili ya wanadamu au kwa ajili ya kuta? Mimi nikisikia siri ya jirani yangu naweza kuuzuia ulimi wangu usiitoe, lakini siwezi kuuamuru moyo usiijue. Na mwamuzi naye ataingiaje moyoni mwa mtu apime kama kweli amejisahaulisha?

MWALIMU MSTAAFU: Haingii moyoni, mama, na huo ndio utukufu wa sheria hii. Nitoe mfano wa kusita. Mchezaji amefikiri muda mrefu, kisha akasema, "Napita." Kufikiri ni haki yake na hapana awezaye kumlaumu, lakini kusita kwake kumemwambia mwenzake kuwa mkono wake si mnyonge sana. Sasa mwenzake huyo akipandisha dau, mwamuzi hamwulizi, "Ulikusudia kudanganya?" Anauliza swali jingine kabisa: wachezaji wa daraja lake, wasioona kusita, wangekuwa na njia nyingine ya kufikiria kwa dhati? Ikiwa ingekuwapo, naye akachagua ile iliyoashiriwa na kusita, hesabu hurekebishwa. Hakuna aliyeitwa mwizi. Mtu anaweza kuhukumiwa akaondoka na heshima yake yote.

KIJANA WA SIMUNI: Na simuni kusita hakusemi kitu, kwa kuwa kwetu umeme hukatika, bando humalizika, na mvua ya Bukoba ikishuka mtandao hulegea. Mwenzangu akikawia sijui kama anafikiri au anatafuta mahali pa kuchaji.

MZEE WA MEZA: Basi imekuwa afadhali kutokujua kuliko kujua! Nami nataka kujua. Nikikaa na mtu nataka nimwone anavyoshika karata, anavyomeza mate, anavyojitia ujasiri asiokuwa nao. Kumsoma mtu ni nusu ya mchezo. Na kabla hamjanifundisha adabu, kumbukeni umri wa vitu. Wahedi wa sitini wa watu wa pwani, huu tunaoucheza hapa, ni ndugu wa mchezo wa Wareno, waliotufikia mwaka 1498: ree ina alama 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, jumla ya alama ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Hiyo briji ya mikataba, hesabu zake zilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini katika meli iitwayo Finland kupitia mfereji wa Panama. Wapi pamesikiwa kijukuu akimfunza babu namna ya kukaa mezani?

MWALIMU MSTAAFU: Umri hauthibitishi haki, dhuluma nyingi zina mvi. Lakini katika hilo la kumsoma mtu unasema kweli, na sheria inakuunga mkono: unaruhusiwa kumsoma hasimu yako upendavyo, kwa dhamana yako mwenyewe. Usiyeruhusiwa kumsoma ni mwenzi wako. Macho yako yote yawe kwa adui.

MAMA MWENYE BARAZA: Nami nitie langu. Wengi huleta hapa mazoea ya bao, ambako watazamaji husimama nyuma, wakashauri, wakaguna, wakapiga vigelegele. Katika bao kete zote zi wazi; mtazamaji hana ajualo ambalo mchezaji hawezi kuliona kwa macho yake. Katika karata mtazamaji aliyepita nyuma ya watu wawili amekwisha jua mikono miwili, na mguno wake mmoja ni hazina. Kwa hiyo huyo wa kukemewa kwanza huenda si mchezaji, ni yule anayezunguka meza na kikombe cha kahawa, akisema, "Loh, leo kuna mambo!"

KIJANA WA SIMUNI: Nani wa kumkemea, mama? Hilo ndilo fundo la moyo wangu, na naomba nilitamke wazi mbele ya wazee. Kwetu kijana hamwambii mzee, "Umekosea." Mzee akitupa pau huku ameshika kopa iliyotakiwa, mimi niliyeiona nabaki baina ya mambo mawili: nikisema, nimekosa adabu, nikinyamaza, nimedhulumiwa. Wapo waliosema wakaambiwa kuwa wamelelewa vibaya. Simuni hakuna mzee wala kijana, hakuna mwenye cheo wala kibarua. Makosa hukataliwa na programu kabla hayajatokea, na hapana anayelazimika kuchagua kati ya heshima na haki.

MZEE WA MEZA: Mwanangu, maneno haya yamenigusa, lakini yasikilize na majibu yake. Heshima hiyo unayoiona ni mzigo ndiyo iliyofanya meza hii isivunjike. Watu wamegombana hapa kwa siasa, kwa mipaka ya mashamba ya migomba, hata kwa mahari, wakaja jioni wakakaa wanne mezani, kwa kuwa mzee mmoja alisema, "Yatosha," na yakatosha. Simuni kwenu nani wa kusema yatosha? Nasikia mtu akiona anashindwa huondoka katikati ya mchezo, na mwingine humwandikia mwenzi wake matusi ambayo hangeweza kumtamkia ana kwa ana.

KIJANA WA SIMUNI: Wapo wa namna hiyo. Mimi humzuia mtu huyo asikae tena mezani kwangu, na yamekwisha.

MAMA MWENYE BARAZA: Huyo wa mbali utamzuia. Jirani utamzuiaje? Huyu uliyemkasirikia leo kwa karata ndiye atakayekuja kesho kuchimba kaburi la mtu wenu. Haki ya watu wasiojuana yaweza kuishia kwa kufungiana mlango. Haki ya majirani sharti iwaache wakiwa majirani. Kwa hiyo simu haijatufundisha lile gumu, yaani kumwonyesha mtu kosa lake na kesho tukamwamkia.

MWALIMU MSTAAFU: Briji ya klabu imelifikiria hilo. Panapotokea kosa na likatajwa, sheria inataka mwamuzi aitwe palepale, na yeyote aliye mezani ana haki ya kumwita. Kumwita si kushitaki. Ni kama mgonjwa kumwita tabibu, bila ya kumlaumu aliyemwambukiza. Kijana hatamwambia mzee, "Umekosea". Atasema, "Mwamuzi, tafadhali," na hapo ulimi wake umetua. Na adhabu zenyewe zina kipimo. Aliyeficha aina iliyotakiwa, aghalabu upande wake hutozwa duru moja, au mbili ikiwa duru ile ya kosa aliila yeye mwenyewe na upande wake ukala nyingine baadaye. Mezani kwetu, mzee, mtu wa kosa hilo hupoteza mchezo mzima, na ndiyo maana kila mmoja huapa kuwa hakulitenda.

MZEE WA MEZA: Hapo nakiri kuwa adhabu yetu ni nzito kuliko kosa. Na karata iliyotoka kwa kuteleza? Sisi husema karata iliyolala imelala.

KIJANA WA SIMUNI: Sheria hiyo naionja kila siku. Kioo cha simu ni kidogo, kidole ni kinene. Nakusudia shupaza 1, inaandikwa shupaza 2, nawaomba mahasimu waniruhusu kurudisha, wengine hukubali, wengine hukataa. Nikikataliwa naumia, kwa maana wanajua kabisa kuwa ni kidole.

MWALIMU MSTAAFU: Kwa madau, sheria inatenganisha kuteleza na kughairi. Aliyetaja dau ambalo kamwe hakulikusudia, ulimi au mkono ukamsaliti, huruhusiwa kulibadili kabla mwenzake hajasema. Aliyelikusudia kisha akaona upumbavu wake hufungwa nalo. Kwa karata iliyotupwa na mkono wa mchezaji mwenyewe sheria ni kali zaidi, na inakaribia sana neno lako, mzee, kuwa iliyolala imelala.

MZEE WA MEZA: Basi hatujaachana sana kama ulivyodhani, na sasa nitakujaribu. Nasema kesho nitasimama mbele ya wageni wa Muleba, niwatangazie kuwa mimi nikigusa sikio nina ree ya turufu, na nikishika ndevu sina. Siri imekwisha, wamejulishwa kama unavyotaka. Je, sasa ni halali?

MWALIMU MSTAAFU: La. Tofauti ya kwanza umeiondoa, ya pili imebaki. Kugusa sikio hakukugharimu kitu. Hakupandishi mnada, hakukufungi kwa ahadi.

MZEE WA MEZA: Kwanza, kunanigharimu: hasimu yangu amejua ree iliko, ataikwepa. Pili, na hili ndilo ulilolizunguka tangu ulipoanza, wahedi wa sitini hauna mnada. Wa kwako amepewa madau, daraja kwa daraja, azungumze na mwenzake mpaka wachoke, wa kwangu amegawiwa karata na kuambiwa, "Tupa." Wazee waliokonyezana hawakuwa wezi, Mwalimu. Waliketishwa wawili wawili, wakaambiwa washirikiane, wakanyimwa maneno ya kushirikiana. Mnaponikataza konyezo mnanikata ulimi, na nyinyi wenyewe mna ulimi mrefu.

MWALIMU MSTAAFU: Karata yenyewe ni ulimi. Mwenzako akianzisha kopa nawe ukatupa kubwa pasipo haja, umemwambia aendelee. Ukatupa ndogo, umemwambia aache. Wote wanne wameiona, na umeilipa, kwa kuwa karata iliyotoka hairudi mkononi. Hiyo ndiyo kanuni yote: sema utakalo, lakini lilipie, na mbele ya wote.

MAMA MWENYE BARAZA: Wageni watarudi, nami ndiye nitakayewapokea, kwa hiyo nataka maneno ya kuwaambia. Nasema kila wenzi watangaze mapatano yao kabla ya kugawa. Simu zote zikae kifudifudi juu ya dirisha, na wenzi wa simuni wasikae benchi moja. Na awepo mwamuzi asiyecheza jioni hiyo, atakayeitwa na yeyote, mkubwa kwa mdogo, na tambo zisiguse mtu wala ukoo wake, maana hizo ndizo zilizowafukuza wanawake waliokuwa wakicheza vizuri kuliko ninyi. Nani anakataa?

KIJANA WA SIMUNI: La benchi nalikubali, ingawa linaniuma. Lakini nataka na mimi kitu: karata za kila mchezo ziandikwe katika daftari, zilivyogawiwa na zilivyotupwa, ili neno la kijana lisimamiwe na maandishi pale neno la mzee litakapolipinga.

MZEE WA MEZA: Daftari nalikubali, mwamuzi namkubali, na kijana na amwite juu yangu hata mara kumi, mvi zangu hazitaanguka. Ninachokikataa ni kunyamazisha uso wangu katika mchezo usio na mnada.

MWALIMU MSTAAFU: Basi umekubali matawi yote ukaukataa mzizi. Mwamuzi atahukumu nini, ikiwa lile lililowakimbiza wageni limebaki halali?

MZEE WA MEZA: Nimeukataa mpaka mnilipe badala yake. Nifundisheni huo mnada, wenye pau isiyo pau na swali la ree. Nifundisheni pole pole, kwa karata mkononi, hadi niweze kumweleza mwenzangu hali ya mkono wangu kwa sauti ya kusikiwa na Muleba nzima. Msinifumbe jicho kabla ya kunipa ulimi.

KIJANA WA SIMUNI: Mimi nitakufundisha, mzee wangu, kuanzia leo. Lakini niambie mbele ya mashahidi hawa: aliyekwisha kupewa ulimi, akajua mnada wote, kisha akaendelea kukonyeza, tumwiteje?

MZEE WA MEZA: Siku hiyo mwiteni mwamuzi kwanza. Akithibitisha, mwiteni mtu huyo jina linalomstahili, hata akiwa ni mimi.